Baiskeli Ipo Itungi

Nimekuketisha kwenye benchi la jikoni,
nimekupa fagio badala ya kasia,
nawe unachota hewa
kama mtu anayekoroga uji wa msiba.

Magoti chini, Chaula. Chini zaidi.
Kwenu Makete mnalima viazi kwenye mteremko
ambao mbuzi akiupita hujikwaa.
Miguu yako inajua jiwe, inajua ukungu,
haijui kitu kinachoteleza chini ya makalio.

Sikiliza mpango.
Kesho saa kumi na moja,
jogoo wa kwa Mwakibinga hajamaliza kelele zake,
tunashuka na njia ya kokoa hadi kivukoni.
Mvua zimekata. Kiwira umepungua.
Jana nimepima kwa ufito: maji yananifika kifuani,
wewe yatakufika shingoni.
Hapana, wewe mrefu. Tumboni.

Madumu mawili matupu nimeyafunga kwa katani,
moja mbele, moja nyuma.
Kopo la rangi la kuchotea maji yatakayoingia,
maana yataingia, usiyatazame kama msiba.
Ndizi za kuchoma. Chumvi. Simu ndani ya mifuko miwili.
Viatu viache. Viatu ni vya nchi kavu.

Kiboko? Yupo.
Nimewauliza wanaofua pale chini:
dume moja, lilifukuzwa na wenzake,
hulala kwenye kona ya matete.
Tukikaribia tutatoka,
tutauvuta mtumbwi kwa kamba kandokando ya mpunga wa watu
tukiomba radhi kila jaruba.
Yule mwingine, mwenye meno, simtaji usiku.
Mikono yako iwe ndani. Basi.

Ningeweza kwenda peke yangu.
Gari wanataka elfu themanini, mto haudai nauli,
na Ambakisye ameshalipa nusu,
na nusu hiyo ndiyo bati unalolisikia likilia juu yetu.
Baba aliuchonga kwa miezi minne.
Ukipitisha kidole ubavuni, kulia, utakuta shimo
alipokosea shoka siku niliyozaliwa;
alisikia sauti, akageuka.
Alilijaza kwa nta, akasema hapo ndipo mimi nilipo.
Mbele panahitaji uzito tu.
Lingetosha gunia la mpunga,
na gunia halina maswali.
Lakini kabla haujawa wa mtu mwingine
nataka uwe umekaa humo, hata mara moja,
hata kwa kutetemeka.

Kwa hiyo ukiona maji meupe, usisimame.
Nikisema kushoto, piga kulia,
utazoea, mimi mwenyewe nililia.
Usiangalie chini, angalia mti ulio mbali.
Na tukipinduka,
nisikilize vizuri, acha kucheka,
tukipinduka shika mtumbwi.
Usinishike mimi.
Nitakuwa pale pale, ubavu wa pili,
lakini ukinishika tunazama wawili,
na kiapo cha kanisani hakikusema hivyo.

Unauliza tutarudije.
Nilijua utauliza, watu wa milimani
hamtoki nyumbani kabla ya kuhesabu njia ya kurudi.
Mto huu haupandwi, si kwa mikono minne.
Juzi niliposema naenda kwa shangazi
nilipeleka baiskeli Itungi, iko kwa Mama Asimwisye,
nyuma ya tanuri la samaki,
tairi la nyuma limejazwa upepo.
Tutamkabidhi Ambakisye kasia, tutahesabu hela,
sitageuka kuangalia.
Kisha wewe utaendesha, mimi nitakaa nyuma,
na barabara ikianza kupanda
ndipo utanifundisha
namna ya kupumua.

Leta fagio nikazime moto.
Au subiri.
Piga tena, kushoto, polepole.
Tuone kama benchi litageuka.